Kazi ya Kiwanda Inapohamia Jikoni

Mtoto mchanga wa Boito, huku Konoin katika kaunti ya Bomet, kwa kawaida hunyonya. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 60 ya watoto wa Kenya walio chini ya miezi sita walikuwa wakipewa maziwa ya mama pekee. Utafiti kama huo wa 2008–09 ulikuwa umepata asilimia 32. Kwa hiyo anayeandika kuhusu maziwa ya kopo katika nchi hii ya chai anaandika kuhusu wachache: mtoto ambaye mama yake alifariki akijifungua, njiti ambaye mama yake bado amelazwa mahututi, mapacha watatu, mtoto wa kulelewa, mtoto wa mama anayetumia dawa zisizoruhusu kunyonyesha. Ni wachache, ila ndio walio hatarini kuliko wenzao, na kwa maoni yangu ndio tunaowapa maelezo haba kuliko wote.

Safari ya mtoto wa namna hii mara nyingi huanzia wodi ya watoto wachanga: Longisa, Tenwek, Kapkatet au Kericho. Akikosa maziwa ya mama yake, analishwa maziwa yaliyokorogwa na mtu mwingine. Kila baada ya saa chache muuguzi huja na kikombe, au huyapitisha kwenye mpira mwembamba wa puani. Jamaa wa mtoto wanayaona yakiwa yameshakuwa maziwa. Hawamwoni aliyechemsha maji, aliyepima unga, aliyeosha kikombe na kumwaga yaliyobaki. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani wanaondoka na mtoto, karatasi za hospitali na jina la unga wa kununua. Jioni hiyo hiyo, juu ya kilima cha Boito, shangazi au nyanya anafungua kopo kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Wakipsigis, wenyeji wa huku, walioko ughaibuni wanalijua tukio hili kwa sura nyingine. Mama anayejifungulia Minnesota au Texas, ikiwa hanyonyeshi, hupewa hospitalini vichupa vya mililita 60 hivi, maziwa ya majimaji yaliyofungwa kiwandani; unafungua, unaweka chuchu ya mpira, unalisha. Akirudi nyumbani hukuta kwamba maziwa hayo yaliyo tayari ni ghali mno, na kwamba mpango wa serikali wa lishe ya akina mama na watoto, WIC, humpa unga kwa kawaida. Anampigia simu mama yake Bomet usiku wa manane kuuliza kama ni sawa kumbadilishia mtoto wa siku nne. Mama yake, aliyewanyonyesha watoto wake wote, hana la kumjibu. Nchini Kenya, hayo maziwa ya majimaji ya watoto wachanga si bidhaa ya kawaida madukani. Lakini kwa jamaa wa mtoto, kikombe cha muuguzi wa Longisa na kichupa cha Minneapolis ni kitu kimoja: maziwa ambayo kazi yake imekwisha kufanywa.

Swali linaloulizwa kwanza huwa ni la tumbo. Je, mtoto atakubali? Hilo ndilo dogo. Maziwa ya majimaji na ya unga ya aina moja, ya kampuni moja, hutengenezwa yakiwa na virutubishi karibu vilevile. Ya majimaji huwa mazito kidogo na rangi yake imeelekea kahawia kwa sababu yamepikwa kwa moto mkali ndani ya chombo chake. Ya unga hutoa povu yakitikiswa, na povu ni hewa, na hewa humfanya mtoto acheue. Choo kinaweza kubadilika rangi na ugumu kwa siku chache. Hakuna ulazima wa kuchanganya polepole kwa wiki nzima kama wengine wanavyoshauri. Mtoto mzima wa afya anaweza kubadilishiwa siku hiyo hiyo. Kutapika matapishi ya kijani, damu katika choo, homa, kulegea na kukataa kula, au nepi kukaa kavu kwa saa nyingi ni mambo ya kumrudisha hospitalini bila kungoja asubuhi, awe anakunywa maziwa ya aina yoyote.

Swali kubwa liko jikoni. Maziwa ya majimaji hutoka kiwandani yakiwa yameuliwa vijidudu vyote. Unga hautoki hivyo. Maziwa yake hupashwa moto, kisha hukaushwa kwa kurushwa kama ukungu ndani ya mnara wenye hewa ya joto, na baadhi ya viungo huongezwa vikiwa vikavu baadaye. Hakuna kiwanda kinachoweza kuuahidi unga huo kuwa safi kabisa. Kijidudu kinachoogopwa zaidi kinaitwa Cronobacter sakazakii. Kinastahimili ukavu kwa miezi mingi, na kikipata maji ya uvuguvugu huamka na kuzaana. Ugonjwa wake ni nadra sana, lakini ukimpata mchanga huingia kwenye damu na ubongo. Mwaka 2001 njiti mmoja alifariki katika wodi ya watoto wachanga huko Tennessee, Marekani, na chanzo kikapatikana katika unga wa maziwa. Februari 2022 kampuni ya Abbott ilirudisha unga kutoka madukani na kufunga kiwanda chake cha Sturgis, Michigan, kwa sababu ya hofu ya kijidudu hichohicho, na Marekani nzima ikapata uhaba wa maziwa ya watoto. Ndiyo maana madaktari wa huko huwashauri wazazi wa njiti, wa watoto wenye kinga dhaifu na wa walio chini ya miezi miwili watumie yaliyo tayari ikiwezekana. Boito haiwezekani. Basi kazi ambayo kiwanda hakikuimaliza inabaki kumaliziwa kwenye meko.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo yalitoa mwongozo wa namna ya kuimaliza. Kiini chake ni namba moja: maji yanayomiminiwa unga yawe na joto la nyuzi 70 au zaidi. Joto hilo huua vijidudu vilivyo ndani ya unga wenyewe. Wengi wetu tunachemsha maji kwa kuogopa maji, kisha tunayaacha yapoe kabisa, ndipo tunakoroga unga ndani yake. Hapo maji ni salama na unga haujaguswa. Mwongozo unasema maji yakishachemka yasikae zaidi ya nusu saa, yakorogwe yakiwa bado ya moto, ndipo chombo chenye maziwa kipoozwe kwa kuwekwa ndani ya bakuli la maji baridi mpaka tone lake kwenye kifundo cha mkono lisichome. Maziwa yaliyokaa saa mbili bila kunywewa yamwagwe.

Mwongozo huo haukuandikiwa Boito. Hapa tuko kwenye mita 2,000 hivi juu ya bahari, ambako maji huchemka yakiwa na nyuzi 93, si 100. Nyuzi hizo zinatosha kuua vijidudu, kwa hiyo anayekuambia maji ya milimani hayachemki vizuri usimsikilize. Tatizo liko kwenye kupoa. Nusu saa ya mwongozo hufaa kwa maji mengi, kama lita nzima. Sufuria ndogo yenye vikombe viwili, imeepuliwa asubuhi ya Julai ukungu ukiwa mlangoni, haifiki nusu saa. Hushuka chini ya nyuzi 70 mapema zaidi. Mtu anaweza kufuata kanuni neno kwa neno na bado akakoroga kwa maji yaliyopoa. Kanuni ya kufaa hapa ni fupi kuliko ile ya vitabuni: chemsha zaidi ya unayohitaji, funika, na koroga mapema.

Halafu kuna usiku. Mtoto wa wiki moja hula mara nane kwa siku na nyingine kati ya hizo huwa saa tisa za usiku, wakati kuni zimezimika na stima pengine imepotea. Nyumba ya huku ina dawa ya hilo tayari, nayo ni thamosi. Sidhani kuna jamii inayoielewa thamosi kuliko watu wanaokuza chai. Maji yaliyomiminwa yakiwa yanatokota ndani ya thamosi nzima yenye kifuniko kinachokaza hubaki juu ya nyuzi 70 kwa saa kadhaa, ikiwa imejazwa na haifunguliwi ovyo. Lakini iwe ni ya mtoto peke yake. Chai ya huku hupikwa na maziwa, na thamosi ya chai, hata ikisuuzwa namna gani, hubaki na utando wa maziwa chini na kwenye kizibo, mahali vijidudu vinapopenda. Thamosi ya pili ni gharama ndogo ukilinganisha na zinazofuata. Unga unaweza kupimwa jioni na kufunikwa ndani ya kikombe kikavu, safi, ukingoja. Kilichokwisha kukorogwa hakingoji.

Na kikombe ndicho chombo bora. Chuchu ya mpira na shingo ya chupa vina kona ambazo brashi haifiki, ilhali kikombe kidogo kisicho na mkono husuguliwa na kuchemshwa kwa dakika chache. Mchanga, hata njiti, hulamba kutoka ukingoni mwa kikombe akishikwa karibu wima. Wauguzi wanajua hivyo na ndivyo wanavyolisha wodini. Nyumbani, hata hivyo, chupa huonekana ndiyo maendeleo, na majirani hucheka wanaoshika kikombe.

Kosa linalofuata ni la kijiko. Kila kopo lina kijiko chake ndani, na vijiko havilingani. Katika makopo mengi yanayouzwa Kenya kijiko kimoja kilichosawazishwa ni cha mililita 30 za maji. Makopo ya Marekani kwa kawaida huhesabu kijiko kimoja kwa mililita 60. Sasa fikiria shangazi aliyerudi kutoka Kansas na makopo mawili ndani ya sanduku, zawadi ya upendo. Kijiko kikubwa cha kopo lake kikibaki jikoni na kutumiwa kwenye kopo la dukani, mtoto atapewa maziwa mazito karibu maradufu. Figo zake changa zitapoteza maji kuitoa chumvi iliyozidi, naye atakuwa na kiu anayoililia na kupewa tena maziwa hayohayo. Kinyume chake ni maji mengi mno: damu hupungukiwa chumvi, mtoto hupata degedege. Maji hupimwa kwanza, unga hufuata, kijiko husawazishwa kwa kisu safi bila kushindiliwa, na kijiko cha kopo lililokwisha hutupwa pamoja na kopo.

Kukoroga mepesi kwa bahati mbaya ni jambo moja. Kukoroga mepesi kwa kujua ni jingine, na hapo tunaingia kwenye fedha. Mtoto wa kilo tatu anahitaji mililita 450 hivi kwa siku, yaani gramu 60 za unga; kopo la gramu 400 linakaa karibu wiki. Familia inapiga hesabu na kupumua: makopo manne au matano kwa mwezi. Lakini mtoto hakui kwa hesabu ya wiki ya kwanza. Akifika miezi minne na kilo sita na nusu, kopo hilohilo linakwisha kwa siku tatu. Kwa miezi sita mtoto humaliza kilo 20 za unga, makopo 50 ya gramu 400. Kopo moja madukani ni zaidi ya shilingi 1,000. Mkulima mdogo wa KTDA, wakala wa chai wa wakulima wadogo, hulipwa kila mwezi shilingi ishirini na kitu kwa kilo ya majani mabichi, kabla ya bonasi na kabla ya kukatwa deni la mbolea. Kopo moja, basi, ni kilo 40 hivi za majani, na mtoto mmoja kwa miezi sita ni karibu tani mbili. Mwenye nusu ekari ya chai anaelewa uzito wa namba hiyo bila kuelezwa. Ndipo mkono unapopunguza kijiko: badala ya vijiko viwili, kimoja na nusu. Mtoto anashiba maji, halii sana, na uzito haupandi. Kumwita mama huyo mjinga ni kukosa kuiona bei.

Dawa nyingine ya bei iko zizini. Bomet ni nchi ya ng'ombe kama ilivyo ya chai, na kogo, nyanya wa Kikipsigis, amekuza wengi kwa maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji. Anaweza kuwataja kwa majina, wazima, wengine wana wajukuu. Wale ambao hawakukua hawatajwi. Maziwa ya ng'ombe yana protini na chumvi nyingi mno kwa figo za mchanga na madini chuma kidogo sana, na yanaweza kusababisha damu kuvuja kidogokidogo ndani ya utumbo. Wataalamu wenyewe waliwahi kutoa kipimo cha kuyapunguza makali, maji kiasi na sukari kiasi. Katikati ya miaka ya 2000 Shirika la Afya Duniani liliacha kukipendekeza kwa mtoto wa chini ya miezi sita, isipokuwa kwa muda mfupi wa dharura pasipo na kingine chochote. Mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, nao una heshima yake, na sina ugomvi na kibuyu, ila nafasi yake si katika mdomo wa mtoto wa wiki tatu.

Kericho na Bomet zinapaswa kuyajua haya kuliko sehemu nyingine, kwa sababu ya historia ya VVU katika mashamba ya chai. Zamani, kabla dawa hazijaenea, swali la kopo au titi lilikuwa la kufa na kupona. Kati ya 1992 na 1998, Ruth Nduati wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walifuatilia wanawake 425 wa Nairobi wenye VVU, wakigawanywa kwa kura: nusu wanyonyeshe, nusu watumie maziwa ya unga. Baada ya miaka miwili, asilimia 36.7 ya watoto waliopangiwa kunyonyeshwa walikuwa wameambukizwa, na 20.5 ya wale wa unga. Ushindi wa kopo, ungesema. Lakini vifo vilikuwa asilimia 24.4 upande wa titi na 20.0 upande wa kopo, tofauti isiyotosha kuthibitisha chochote, tena hao walikuwa akina mama waliochaguliwa kwa kuwa na maji ya bomba na waliofundishwa kukoroga. Botswana ilikwenda mbali zaidi, ikagawa unga bure kwa akina mama wenye VVU. Mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa zikachafua maji, na kuhara kukaua mamia ya watoto, wengi wao wasionyonya. Tangu 2010 ushauri wa dunia kwa nchi kama zetu umeelekea kwenye kunyonyesha huku mama akitumia dawa za kupunguza makali ya virusi.

Hofu ya kopo kukorogwa kwa maji machafu ndiyo mzizi wa sheria yetu. Mei 1981 mkutano wa afya duniani mjini Geneva ulipitisha kanuni ya kudhibiti uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama kwa kura 118 dhidi ya moja, ya Marekani, baada ya miaka ya kelele juu ya kampuni zilizowavalisha wauzaji wao sare za wauguzi. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012: hakuna matangazo, hakuna sampuli za bure, hakuna zawadi kwa wahudumu wa afya. Ni sheria nzuri na ningeipigia kura tena. Lakini ina kivuli. Muuguzi aliyefundishwa kwamba kopo halitangazwi anaweza kuishia kutolisema kabisa. Kanuni za hospitali rafiki kwa mtoto zinaruhusu, tena zinataka, mama asiyenyonyesha aelekezwe faraghani namna ya kukoroga. Faragha hiyo inahitaji dakika 20 na chumba, na wodi yenye watoto 30 na wauguzi wawili haina vyote viwili. Matokeo yake mwalimu wa mwisho wa mtoto dhaifu kuliko wote anakuwa muuza duka, au maandishi madogo ubavuni mwa kopo.

Ningependa kuona siku ya kuruhusiwa ikigeuzwa. Asiyekoroga mbele ya muuguzi asiondoke: atakayemlisha mtoto kweli, mara nyingi nyanya na si baba anayelipa bili, aje na thamosi yake, kikombe chake na kopo alilonunua, akoroge mlo mmoja, asahihishwe, akoroge wa pili. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji, ambaye tangu 2023 ana mkoba wa serikali na posho, apite wiki ya kwanza na kumpima mtoto uzito, kisha aulize swali moja tu: kopo lilifunguliwa lini? Kopo la mtoto wa wiki sita lililokaa siku kumi linaeleza yote bila kumwaibisha mtu. Na kabla ya hayo yote, aulizwe mama, ikiwa yuko hai, kama kweli maziwa yamekwisha. Mengi hurudi kwa kumlaza mtoto kifuani na kukamua mara nane kwa siku. Kwa njiti asiye na mama, hospitali ya Pumwani jijini Nairobi ilifungua benki ya maziwa ya akina mama mwaka 2019, ya kwanza nchini. Kutoka Konoin hadi huko ni mbali, na sioni kwa nini Rift ya kusini isiwe na yake.

Kundi moja halistahili kuwa miongoni mwa wanaohitaji kopo. Ni mama wa kazini, anayeachisha mwezi wa tatu kwa sababu likizo ya sheria ya ajira ya 2007 ni miezi mitatu, huku wizara ya afya ikimwambia anyonyeshe sita. Sheria ya afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Katika mashamba makubwa ya Kericho kulipowekwa vyumba hivyo na mahali pa kulelea watoto karibu na kazi, haja ya kopo ilipungua. Kwa anayechuma majani kwa kibarua katika shamba la jirani, hakuna chumba wala likizo.

Kwa familia ambayo kweli haina njia nyingine, kuna jambo moja ambalo halisemwi na muuzaji yeyote, kwa sababu halimletei faida. Kopo ni la miezi sita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unasema kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 11 asiyenyonya anaweza kupewa maziwa ya unga au ya mnyama, na kwamba baada ya mwaka mmoja yale makopo ya hatua zinazofuata, yenye namba kubwa na bei kubwa, hayapendekezwi. Kuanzia mwezi wa saba maziwa ya ng'ombe wa nyumbani, yasiyopunguzwa mafuta na yaliyochemshwa, yanaweza kuingia kwenye kikombe kilekile, pamoja na uji, maharagwe, mayai, nyama na omena zenye madini chuma ambayo maziwa hayo hayana. Mwenye kilo 20 za kununua akijua ni 20 tu anaweza kuomba ukoo umchangie, kukopa kwenye chama akitaja tarehe ya kumaliza, au kuuza ndama. Ng'ombe anayekamwa asimuuze. Zamu yake inakuja.